Kengele ya Hakimu wa Vuga

Binti hakukaa mpaka alipokaribishwa mara ya pili, na alipokaa alikalia ukingo wa kiti, mkoba kaubana magotini. Chini yao, kwenye mkahawa wa Waarabu, redio ilikuwa ikimsifu mfalme wa nchi fulani, na harufu ya kahawa na nyama ya kuchoma ilipanda ngazi bila kualikwa. Shaame Mbarouk alifunga dirisha.

"Mimi ni Sudha," alisema binti. "Mtoto wa Harish. Hakimu Harish, wa Vuga, kule Unguja."

"Nakujua, mwanangu," alisema Shaame, na papo hapo akajuta kusema hivyo.

Alimjua kwa sababu kumjua ilikuwa ndiyo kazi yake. Tangu Wahindi wa Afrika Mashariki walipoanza kushuka London, ndege baada ya ndege, ofisi hii ya Edgware Road ilikula na kunywa kutokana na posa. Kule nyumbani, kabla ya kumwoza mtoto, ungeuliza mtaani na mtaa ungekujibu. Hapa mtaa wenyewe ulikuwa umetawanyika, nusu Kenton, nusu Leicester, na wengine bado walikuwa makambini wakisubiri kupewa nyumba. Basi wazee walimtuma Shaame. Alikuwa inspekta wa polisi Unguja mpaka serikali ilipopinduliwa, na mtu aliyewahi kuruka kuta akiwafukuza wezi wa karafuu hashindwi kugundua kama bwana harusi mtarajiwa ni mlevi au ana mke mwingine Nairobi. Ukuta mmoja katika hizo ulimvunja bega la kushoto. Liliungwa vibaya, likabaki juu kuliko mwenziwe, na London ikinyesha lilimuuma. London ilikuwa inanyesha.

Januari iliyopita, wazazi wa kijana aitwaye Suresh walimtuma aichunguze nyumba ya Hakimu Harish. Aliichunguza, akaandika ripoti safi, na Sudha akaposwa.

Sudha alitoa ndani ya mkoba gazeti la kurasa chache, lililorudufishwa kwa wino uliofifia pembeni. "Unalijua hili?"

Nani asingelijua *Chachandu*? Lilitoka Neasden, kwenye nyumba ya vijana wenye nywele ndefu walioiga majarida ya dhihaka ya Marekani, yale yanayomchora rais wao hana nguo na majenerali wao wamefungwa nepi. Toleo la kwanza liliwasema maofisa wa uhamiaji. Shaame alilinunua na alicheka mpaka akakohoa. La pili liliwasema masheikh na makuhani, akacheka kidogo huku akitazama nyuma. Hili lilikuwa la tatu, na hakuwa amelisoma.

Mchoro mmoja ulijaza ukurasa mzima. Mtu wa makamo, kavaa joho la hakimu na wigi, kasimama nyuma ya meza ndogo kwenye mlango wa choo cha umma. Kwapani kabana ufagio wa kupigia deki. Mkono wa kulia umeinua kengele ya shaba, na mbele yake Wazungu wamepanga foleni, mapaja wameyabana. Chini yake paliandikwa kwa herufi kubwa: MHESHIMIWA WA VUGA, SASA WA EDGWARE ROAD. KESI INAYOFUATA!

"Na ni kweli," alisema Sudha. Macho yake yalikuwa kwenye zulia. "Sisi tulijua yuko kwa wakili. Kila asubuhi suti, tai, mkoba. Jioni anarudi ananukia sabuni, mama anamtania kwamba London imemfundisha kuoga. Kumbe anapitia mabafu ya umma kwanza, ili kazi yake asiingie nayo nyumbani. Kwetu sisi, Bwana Shaame, kazi ile hata kuitaja penye chakula haifai. Ametueleza yote mwenyewe, baada ya hili gazeti. Alikuwa ameelekea ukutani akieleza."

"Sasa yuko wapi?"

"Chumbani. Haendi kazini, haendi kwenye sala. Anasema aliyechora ni Suresh. Duka la dawa analofanya kazi Suresh liko karibu kabisa na kile choo. Na ni Suresh aliyetuletea *Chachandu* la kwanza nyumbani, akataka tucheke naye. Jumapili wazee wa pande zote mbili watakutana kwetu Kenton, na baba atawarudishia zawadi za posa."

"Suresh anasemaje?"

"Anaapa. Lakini baba yangu alikuwa hakimu, ameshasikia viapo vingi." Aliinua macho. "Mimi namtaka Suresh. Ila kama ni yeye aliyemfanyia baba hivi, simtaki tena. Nitafutie ukweli kabla ya Jumapili."

Shaame alikuwa akiizungusha pete yake ya akiki kwenye kidole cha mwisho, kama afanyavyo akibanwa. Ukweli nusu alikuwa nao tayari. Januari ile ile alizishuka ngazi za choo kile akamkuta Hakimu Harish na ndoo. Kwenye ripoti aliandika kwamba mzee ameajiriwa na idara ya manispaa, maneno ambayo hayakuwa uongo na hayakumdhuru mtu, na kwa sentensi ile alijiona muungwana. Sasa ilikuwa zamu ya kumwambia binti wa watu, "Nilijua." Hakusema. Alimwambia atafanya awezalo, akamsindikiza mpaka ngazini, akarudi kitini uso unamwaka.

Alimkumbuka Harish wa Vuga vizuri. Mara ya kwanza kusimama kizimbani kutoa ushahidi, Shaame akiwa konstebo mbichi, alieleza jinsi mwizi wa baiskeli alivyopaa juu ya mapaa saba na kumtukana balozi wa Kiingereza kila akitua. Mahakama nzima ilikuwa hoi kwa kicheko. Hakimu Harish aliishusha miwani. "Konstebo," alisema, "sema ulichokiona. Usiongeze." Shaame alijifunza, lakini kwa upande wa ripoti tu. Penye watu na chai alibaki yule yule, kisa kikipita mdomoni mwake hakitoki bila kutiwa chumvi, na wenye kucheka walimpenda kwa hilo.

Alilitazama gazeti tena. Ile kengele ilimkera. Ilikuwa kama jina la mtu uliyekutana naye mahali, na mahali penyewe hupakumbuki.

*

Suresh alikuwa kijana mwembamba, koti jeupe la duka la dawa limemzidi mabega. Alikuwa ametangulia London kusoma, na wazazi wake wakafuata mwaka jana walipofukuzwa Jinja. Alimpeleka Shaame nyuma ya rafu, kwenye makopo ya maziwa ya watoto.

"Mzee, mimi nilijua," alisema hata kabla ya kuulizwa. "Tangu mwezi wa pili. Nilishuka pale siku moja nimebanwa, nikamkuta amepiga magoti anasugua sakafu. Yeye hakuniona. Nilirudi ngazi kinyumenyume. Kuanzia siku hiyo nikibanwa nakwenda mpaka stesheni."

"Na Sudha hukumwambia."

"Ningemwambiaje? Ile siri ilikuwa ya baba yake." Kijana alishusha sauti. "Baba yangu mimi, tangu atoke Jinja, anakaa kwenye kiti anangoja arudishiwe kiwanda. Hataki kazi, kila kazi ni ndogo kwake. Nilipomwona yule mzee amepiga magoti nilimheshimu sana. Lakini nikienda kumwambia hivyo, si atajua nimemwona?"

Shaame alimsikiliza kwa sikio la polisi, ambalo haliamini mtu mpaka limechoka. Maneno yalikuwa mazuri, na aliwahi kusikia maneno mazuri kutoka kwa watu wabaya. Alifungua *Chachandu* juu ya makopo.

"Hii meza iko upande gani, ukishuka ngazi?"

Suresh aliinama. "Meza gani? Pale hakuna meza, mzee. Ngazi zikiisha unakutana na ukuta, unapinda kushoto."

"Na kengele huwa inakaa wapi?"

"Kengele?" Kijana alimtazama asimwelewe. "Sijawahi kuiona."

Shaame alimshukuru akatoka. Hakutaka kuamini kabla ya kuona tena, maana Januari macho yake yalikuwa kwa Harish tu, kwa hiyo alivuka barabara, akazishuka ngazi zile zenye reli ya chuma. Harufu ya dawa ilimpokea katikati. Ngazi zilipoisha palikuwa na ukuta wa vigae vyeupe, umbali wa mkono, na ujia uliopinda kushoto. Hata kigoda kisingetosha pale bila kumwangusha mtu.

Kwenye chumba kidogo cha kioo alikaa kijana mweusi mwenye kitabu cha fizikia. Beji yake ilimtaja kuwa Elkana. Shaame alimwamkia kwa Kiswahili, na kijana akafunga kitabu kwa furaha.

"Mzee wa pwani, sindio? Karibu. Niko hapa juu ya yule mzee Mhindi, amekuwa sick, nashikilia shift yake."

"Mtu akikaa sana ndani, mnapiga kengele?"

"Bell ya nini, mzee? Tunagonga mlango na ngumi. Hapa hakujawahi kuwa na bell. Ata huyo mzee alikuwa anagonga polepole, anasema pole." Elkana alicheka kidogo. "Mtu mpole sana. Asubuhi alikuwa anakunja suti yake hivi, anaiweka ndani ya plastiki mbili, ndio anavaa overall."

Shaame alipanda juu kwenye mvua, akasimama chini ya paa la duka la viatu kufikiri. Aliyechora hakupajua mahali pale. Mtu aliyeshuka ngazi zile hata mara moja asingeweka meza pasipokaa meza. Basi hakuwa Suresh, na hakuwa mtu yeyote aliyekwenda pale kuchungulia. Alikuwa amesimuliwa. Na aliyesimulia aliona, kwa sababu habari yenyewe ilikuwa kweli, ila aliongeza meza, akaongeza na kengele, ili kisa kinoge. Alihitaji kumtafuta mtu wa namna hiyo, aliyeona na asiyeweza kuacha kuongeza.

Bega lilimuuma. Alilikanda, akaelekea stesheni kupanda treni ya Neasden.

*

Mhariri wa *Chachandu* alikuwa Mmarekani. Shaame alishangaa, kwa maana alitarajia Mgujarati. Aliitwa Dwight, mrefu, ndevu nyekundu, miguu mitupu kwenye sakafu ya mbao, na alikuwa amekimbia kwao ili asipelekwe vitani. Vijana wa Kihindi wa mtaani walimpa mashine ya kurudufisha iliyotupwa na shule, naye akawapa ufundi. Kuta za chumba zilifunikwa na majarida ya Marekani. Rais mwenye pua iliyofika sakafuni. Mama wa nyumbani anamkaangia mumewe bomu. Kasisi anabariki vifaru, huku amejificha nyuma yavyo.

Walizungumza kwa Kiingereza, Shaame kwa adabu ya kipolisi, Dwight kwa adabu ya mtu anayewachukia polisi lakini amelelewa vizuri.

"Hivi vyote ni vya kuchekesha?" aliuliza Shaame.

"Kaka yangu alirudishwa kutoka Vietnam ndani ya sanduku," alisema Dwight. "Ofisa aliyekuja nalo alitwambia tuone fahari. Wiki hiyo hiyo jarida moja lilichora ofisa kama yule, anapita nyumba kwa nyumba anauza majeneza, wenye watoto wawili wanapunguziwa bei. Mama yangu aliokota jarida lile chumbani mwangu. Nilidhani atalichana. Akacheka, halafu akalia, halafu akala chakula, na alikuwa hajala tangu sanduku lije. Kuanzia hapo niliamua hii ndiyo kazi yangu. Lakini tuna sharti moja. Tunampiga mkubwa. Mdogo hatumgusi."

Shaame aliufungua ukurasa. "Na huyu?"

"Hakimu wa kikoloni. Kawafunga watu jela maisha yake yote. Nilifurahi mchoraji alipomweka chooni, nilicheka kwa sauti."

"Mchoraji hakumweka chooni, bwana. Choo ni cha kweli. Kinachokosekana ni uhakimu. Kazi hiyo alifukuzwa pamoja na mimi, miaka tisa iliyopita. Anasafisha vyoo ili binti yake aolewe kwa heshima, na sasa binti haolewi."

Dwight alikaa juu ya rundo la karatasi. Wekundu ulimpanda mpaka masikioni. "Hakuna aliyeniambia," alisema.

"Katika majarida yako yote haya," Shaame alionyesha kuta, "mwenye kusafisha choo yuko wapi?"

Mmarekani aligeuza kichwa akazitazama kuta zake kwa muda, kama mgeni. "Hayupo," alisema.

Kuhusu mchoraji, hakujua. Michoro iliingia kwa tundu la barua, haina jina, na huo ulikuwa utaratibu wa makusudi, ili polisi wakija pasiwe na wa kumtaja. Lakini mchoro wa asili alikuwa nao. Ule uliochapwa ulifuatishwa kwa sindano juu ya stensili, ile karatasi ya nta ya kurudufishia, na sindano haina subira na vitu vidogo. Dwight alifungua bati la biskuti akautoa.

Shaame alivaa miwani. Ulikuwa wa penseli, mwepesi na wa ufundi mkubwa, na vitu vilivyopotea mashinani vyote vilikuwepo. Chini ya joho la hakimu palionekana sweta lililotoboka kiwikoni. Bega la kushoto lilipanda juu kuliko la kulia. Sindano ililipitisha hivi hivi, lakini penseli ilikuwa imelichora kwa uangalifu, mfupa kwa mfupa, kama bega lililovunjika likaungwa vibaya. Na kwenye kidole cha mwisho cha mkono ulioinua kengele palikuwa na pete, jiwe lake la umbo la yai, limetiwa kivuli.

Hakimu Harish hakuvaa pete.

Shaame alihisi Mmarekani anamtazama. Alikuwa ameuweka mkono wake mezani, kando ya mchoro, na hakuwahi kuuondoa.

"Samahani," alisema Dwight taratibu. "Huyu si wewe?"

Ndipo yalipomrudia yote, pamoja na harufu yake. Sikukuu ya Mfunguo Tatu, Idi Kubwa, nyumba imejaa watu, pilau imekwisha liwa, Mwatima mkewe anamimina chai. Mtu mmoja akasema, hebu Shaame tupe cha leo. Na yeye, ambaye siku chache tu nyuma alikuwa ameandika sentensi yake ya kiungwana, alisimama. Alijitupia shuka begani, juu ya sweta lake lililotoboka, liwe joho, akaweka kitambaa cha meza kichwani. Harish hakumtaja kwa jina, alisema tu hakimu mmoja wa Vuga, na hilo pia alilihesabu kuwa ustaarabu. Alivuta stuli mbele yake. Kwa kuwa kisa kilikuwa kifupi mno, mtu, ndoo na taulo, aliona kinahitaji kitu cha kukipandisha, akachukua kijiko akapiga gilasi. Kesi inayofuata. Watu walianguka. Mwatima alifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Na pembeni, chini ya dirisha, alikuwepo Sheikha, bintiye, na penseli yake isiyomtoka mkononi.

Alimwomba Dwight mchoro ule. Dwight alimpa, akamfungulia mlango, na hakumuaga.

*

Sheikha alikuwa jikoni akikata vitunguu. Alizaliwa Unguja lakini alikulia London, Kiswahili alikisikia na Kiingereza ndicho alichojibia. Baba yake aliuweka mchoro mezani, na msichana akatabasamu.

"Umeujua," alisema kwa Kiingereza. "Nilikuwa nangoja uujue."

"Kwa nini, Sheikha?"

"Kwa sababu ulichekesha kuliko wote walioko kwenye majarida yale ya Marekani. Wao wanahangaika, wewe ulifanya kwa kijiko na gilasi." Tabasamu lilianza kupungua alipouona uso wa baba. "Nilikuchora wewe, Baba. Nilitaka watu wakuone. Yule hakimu, si ulimtunga?"

Shaame alivuta kiti. Angeweza kumkaripia, na kwa kitambo kidogo alilitamani karipio lile kama mtu mwenye kiu, kwa sababu lingemhamishia mtoto mzigo. Akamweleza. Alipofika kwenye suti inayokunjwa ndani ya plastiki mbili, msichana alikuwa ameshaweka kisu chini.

"Jumapili nakwenda nawe," alisema, na safari hii alisema kwa Kiswahili.

*

Sebule ya Kenton ilikuwa imejaa. Wazazi wa Suresh walikaa upande wa dirisha, Suresh katikati yao na macho yamemvimba. Zawadi za posa, sari tatu na bangili ndani ya sanduku la mbao, zilikuwa juu ya meza tayari kurudishwa, pamoja na sinia ya chai ambayo hakuna aliyeigusa. Hakimu Harish alivaa suti yake. Alikuwa amepungua, lakini alikaa wima, na Shaame alipoingia alijikuta anatafuta kizimba kwa macho. Sheikha alibaki ukumbini, ameegemea ukuta.

"Inspekta," alisema Harish. "Binti yangu anasema una ushahidi."

Shaame alisimama. Alitoa ushahidi wake kavu. Alieleza habari ya ngazi na ukuta, kwamba pale hapakai meza, kwamba kengele haijawahi kuwepo, na kwamba mchoro ulichorwa na mtu asiyewahi kushuka kule. Suresh alishuka, tena alishuka mwezi wa pili, akaona, akanyamaza kwa heshima. "Kwa hiyo si yeye, Mheshimiwa. Mchoraji alisimuliwa."

Sudha alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Alitembea mpaka kwenye kochi akakaa kando ya Suresh, mbele ya wazee wote, na mama yake alimwona na hakumzuia.

"Alisimuliwa na nani?" aliuliza Harish.

"Na mimi."

Shaame alitamani kutazama chini, lakini kizimbani hairuhusiwi.

"Nilikutambua," alisema Harish. "Januari. Ulidhani sikukutambua. Ulinawa mikono, nikakupa taulo safi, ukaangalia chini, na mimi nikaangalia chini. Nilirudi nyumbani nina hofu. Halafu nikajiambia, aliyeniona ni Shaame, mtu wa kwetu, huyu atanisitiri. Ripoti ikaja, ikasema idara ya manispaa. Furaha ikaninyima usingizi. Niliomba dua kwa jina lako, Inspekta, ingawa dini yetu si moja."

"Nisamehe, Mheshimiwa."

"Aliyechora?"

"Binti yangu. Yuko ukumbini, amekuja kukutaka radhi. Hakujua kama wewe ni mtu wa kweli."

Harish alitazama upande wa ukumbi, akamwona msichana, akamwashiria aingie akae. "Mtoto huyu hana kosa. Alichora alichokiona." Kisha alimgeukia Shaame tena, akaishusha miwani. "Simulia."

"Mheshimiwa?"

"Kama ulivyosimulia siku ile. Watu hawa wamekijua kisa changu kwa karatasi tu. Simama pale pale. Usiongeze, na usipunguze."

"Baba, inatosha," alisema Sudha.

"Haitoshi, mama. Bado sijasikia."

Shaame alisimama katikati ya sebule mikono mitupu. Alianza kwa sauti yake ya ripoti, na Harish akatikisa kichwa, sivyo. Basi alianza upya kwa sauti ile nyingine, ya sikukuu, na ilimtoka kama sauti ya mtu asiyemjua. Palikuwa na hakimu mmoja wa Vuga, alisema, akaja London kutafuta mahakama. Aliinua bega. Alikibana kwapani kitu kisichokuwepo. Aliwaonyesha Wazungu na mapaja yao. Kila mahali alipokumbuka kicheko alisimama kidogo, kwa mazoea, na kila mahali kicheko hakikuja, akaendelea. Mama yake Suresh alijifunika uso kwa sari. Sheikha alikuwa akilia bila sauti, na baba yake aliona kwamba anamtazama tu, hakuwa na penseli.

Alifika mwisho akashusha mikono.

"Halafu?" aliuliza Harish.

"Halafu nikapiga kengele."

"Kwa nini?"

"Kisa kilikuwa kifupi, Mheshimiwa."

Mama yake Sudha alichukua gilasi tupu kutoka kwenye sinia, akaweka kijiko kando yake, akavisogeza ukingoni mwa meza, karibu na mkono wa Shaame. Alivichukua. Vidole vilikuwa vizito na pete ilimbana. Alipiga mara moja.

"Kesi inayofuata," alisema.

Harish alisikiliza mpaka mlio ukaisha kabisa. Alipouliza, aliuliza kama zamani, kwa upole wa mtu anayetaka tu kumbukumbu za mahakama zikamilike.

"Na hapo walicheka?"

"Walicheka, Mheshimiwa."

"Sana?"

Shaame alirudisha gilasi mahali pake. Alitafuta jibu lisiloongeza na lisilopunguza, na lilikuwepo moja tu.

"Mpaka chai ikapoa."